Kufungwa kwa Nchi ya Japani na Wakalimani wa Nagasaki

Katika vitabu vya historia husemwa kwamba nchi ya Japani ilifungwa kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili, tangu 1639 hata 1854, na jina la hali hiyo ni sakoku, neno lililoundwa kwa alama mbili za maandishi, ya kwanza ikiwa na maana ya mnyororo au kufuli, na ya pili nchi. Walio wengi hudhani kwamba neno hilo limo katika amri za watawala walioifunga nchi. Sivyo, watawala wale hawakulijua kabisa. Neno sakoku lilitungwa mwaka wa 1801, miaka mia na sitini na zaidi baada ya amri zile, na aliyelitunga alikuwa mfasiri, Shizuki Tadao wa Nagasaki, ambaye hapo kwanza alikuwa mkalimani wa Kiholanzi. Kazi aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa makala ya tabibu Mjerumani, Engelbert Kaempfer, aliyekaa Nagasaki tangu 1690 hata 1692. Makala hayo yalitoka kwanza kwa Kilatini, yakafasiriwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kiholanzi, na hayo ya Kiholanzi ndiyo yaliyomfikia Shizuki. Kichwa chake kilikuwa kirefu mno. Shizuki akakikata, akaunda neno fupi, na kitabu kikapita mkono kwa mkono kwa kunakiliwa. Basi jina ambalo Wajapani huipa enzi yao ya kujitenga walilipata kutokana na maneno ya mgeni, kwa njia ya lugha ya kigeni.

Hapo lazuka swali: ikiwa nchi ilifungwa kweli, kitabu hicho kiliingiaje?

Jawabu ni kwamba nchi haikufungwa kama sanduku lifungwavyo. Ilikuwa kama nyumba yenye bawabu. Watawala wa Japani hawakuukataa ulimwengu. Walichokataa ni ulimwengu kuingia bila wao kujua, na faida kuangukia mikono isiyo yao. Mlangoni pa Nagasaki waliweka askari, na liwali, na mizani ya kupimia bidhaa. Lakini waliokuwa na ufunguo hasa ni watu wa lugha, jamaa za wakalimani waliorithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Biashara ile haieleweki vema bila wao.

Wareno walifika kwanza, mwaka wa 1543, wakiwa abiria katika jahazi la Kichina lililotua katika kisiwa cha Tanegashima, kusini ya Kyushu. Bwana wa kisiwa akanunua kwao bunduki mbili za utambi, akawaamuru wahunzi wake waziige, na bunduki za namna hiyo zikaitwa tanegashima kwa muda mrefu. Wakati huo mabwana wakubwa wa majimbo, daimyo, walikuwa wakipigana wao kwa wao, na silaha hiyo haikukosa wanunuzi. Walakini mali kubwa ya Wareno haikuwa bunduki, ilikuwa hariri. Wafalme wa Uchina wa ukoo wa Ming walikuwa wamewakataza watu wao kufanya biashara na Wajapani kwa sababu ya maharamia. Wajapani nao walitamani hariri ya Kichina, na walikuwa na fedha nyingi kutoka machimbo ya Iwami. Wareno, waliokwisha kukaa Macau tangu 1557, wakawa madalali kati ya mataifa mawili yasiyoweza kuuziana uso kwa uso. Tangu 1571 merikebu yao kubwa ilitia nanga Nagasaki, kijiji kidogo kilichokuwa mji kwa ajili yake.

Hariri na mapadre walisafiri katika merikebu moja. Padre Francis Xavier alishuka Kagoshima mwaka wa 1549, na baada yake Wajesuti wakaja kwa wingi. Baadhi ya mabwana wa Kyushu walibatizwa kwa imani, na baadhi kwa sababu merikebu ilipenda kwenda mahali palipopendwa na mapadre. Aghalabu si rahisi kuzitenga sababu hizo mbili. Ōmura Sumitada, bwana wa nchi ile, aliwapa Wajesuti mji wa Nagasaki mwaka wa 1580.

Njia ya Wareno kutoka Lisbon kwenda Goa, na kutoka Goa kwenda Macau, ilipita pwani ya Afrika Mashariki, na alama zake zimebaki pande zote mbili. Mwaka wa 1579 Padre Alessandro Valignano alifika Japani akiwa na mtumishi Mwafrika, ambaye mapokeo ya Wajesuti ya baadaye yasema alitoka Msumbiji. Oda Nobunaga, mtawala mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, alimwona mwaka wa 1581, akamchukua katika utumishi wake, akampa upanga na nyumba. Wajapani walimwita Yasuke. Vijana wanne wa Kijapani waliotumwa Ulaya mwaka wa 1582 walikaa miezi kadhaa Msumbiji walipokuwa wakirudi. Wakaleta kwao mtambo wa kupigia chapa, na katika miaka ya 1603 na 1604 Wajesuti wakatoa Nagasaki kamusi ya Kijapani na Kireno yenye maneno 32,000 hivi, kazi ambayo wataalamu wa Kijapani cha kale huitegemea hata leo. Hata maneno yalisafiri: Mswahili huziita karata za kuchezea kwa neno la Kireno, na Mjapani huziita karuta kwa neno hilo hilo.

Ugomvi haukukawia. Toyotomi Hideyoshi, aliyemfuata Nobunaga, aliamuru mapadre watoke mwaka wa 1587, ingawa amri haikutekelezwa kwa ukali. Lakini mwaka wa 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki. Watawala waliona jambo la kutisha: watu wenye kumtii bwana mwingine aliye mbali, na mabwana wa majimbo wenye bandari zao, bunduki zao na rafiki zao wa ng'ambo. Tena walijua kwamba Wahispania walikuwa wamekwisha kuitwaa Manila.

Mwezi wa Aprili, 1600, merikebu ya Kiholanzi iitwayo Liefde iliingia katika nchi ya Bungo, Kyushu, ikiwa nusu ya jeneza. Ilitoka Rotterdam mwaka wa 1598 pamoja na nyingine nne; mabaharia 24 hivi tu walikuwa hai, na wachache kati yao waliweza kusimama. Wareno walimwambia Tokugawa Ieyasu kwamba watu hao ni maharamia, wanastahili kuuawa. Ieyasu, aliyekuwa karibu kuishika Japani yote, hakuwaua. Alimwita rubani wao, Mwingereza William Adams, akamhoji kwa kirefu, akafahamu kwamba Wakristo wa Ulaya hawakuwa kitu kimoja. Wapo waliomchukia Papa na mfalme wa Hispania, na ambao wangeuza bidhaa zao bila kuleta padre. Adams alipewa shamba na cheo, akafa Hirado mwaka wa 1620. Mwenzake Mholanzi, Jan Joosten, ameacha jina lake Tokyo: mtaa wa Yaesu umeitwa kwa jina hilo lililogeuzwa na ndimi za Kijapani.

Ieyasu alikuwa Shogun, yaani jemadari mkuu mwenye kutawala kwa jina la Mfalme, tangu 1603. Yeye hakuwa na nia ya kufunga chochote. Waholanzi walipata ruhusa ya kuweka kituo Hirado mwaka wa 1609, Waingereza 1613. Wajapani nao walisafiri: kati ya 1604 na 1635 zaidi ya safari 350 zilifanywa kwa hati zenye muhuri mwekundu wa serikali, kwenda Siam, Vietnam na Luzon, na mitaa ya Wajapani ikajengwa katika bandari hizo. Waingereza hawakupata faida, wakafunga duka lao wenyewe mwaka wa 1623. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwani mara nyingine huandikwa kana kwamba walifukuzwa. Wahispania ndio waliokatazwa, mwaka wa 1624.

Ukristo ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka wa 1614. Amri zilizofuata kati ya 1633 na 1639 zilikaza kamba kidogo kidogo. Ile ya 1635 ilikuwa kali kuliko zote kwa Wajapani wenyewe: hakuna Mjapani atakayetoka nchini, na aliyetoka akirudi atauawa. Maelfu waliokuwa wakiishi ng'ambo walikatwa na kwao siku moja kwa kalamu. Ndipo, mwishoni mwa 1637, wakulima wa Shimabara na Amakusa, wengi wao Wakristo na wote wamechoshwa na kodi, wakaasi chini ya kijana Amakusa Shirō, wakajifungia katika ngome ya Hara. Serikali iliwataka Waholanzi wasaidie. Mkuu wa kituo cha Hirado, Nicolaes Couckebacker, akaleta merikebu, akaipiga ngome mizinga, Wakristo wakipigwa na Wakristo mbele ya macho ya serikali isiyopenda Ukristo. Ngome ilianguka mwaka wa 1638, na karibu wote waliokuwamo wakauawa. Mwaka uliofuata Wareno wakafukuzwa kabisa. Mwaka wa 1640 Macau ikapeleka wajumbe kuomba biashara irudishwe. 61 walikatwa vichwa, na 13 wakaachwa warudi kutoa habari.

Walioandika kwamba yote hayo yalitokana na chuki ya dini wamesema nusu ya kweli. Nusu nyingine ni hesabu. Mabwana wa Kyushu walikuwa matajiri kwa biashara ya ng'ambo, na utajiri huo ungeweza kununua mizinga dhidi ya Shogun. Kuifunga bandari yao ilikuwa njia ya kuwanyang'anya mfuko. Nagasaki ilikuwa mji wa serikali yenyewe. Kadhalika milango mingine haikufungwa: bwana wa Tsushima aliendelea kufanya biashara na Korea, Satsuma na visiwa vya Ryukyu, Matsumae na Waainu wa kaskazini, na majahazi ya Wachina yalizidi kuja Nagasaki kwa wingi kuliko ya Waholanzi. Milango minne, na kila mmoja bawabu wake.

Waholanzi nao walitiwa adabu mara moja. Huko Hirado walikuwa wamejenga ghala zuri la mawe, na juu yake wakaandika mwaka kwa hesabu ya kuzaliwa kwa Kristo. Mwaka wa 1640 mkaguzi wa Shogun, Inoue Masashige, akaamuru ghala livunjwe. Mkuu wa kituo, François Caron, hakubisha neno. Akawaita mabaharia siku ile ile, wakaanza kuvunja. Inasemekana kwamba angalisita, angaliuawa hapo hapo. Mwaka wa 1641 walihamishiwa Nagasaki, katika kisiwa cha Deshima, kilichojengwa kwa mchanga na mawe kwa gharama ya wafanyabiashara 25 wa mji ili Wareno wafungiwe humo. Wareno wamekwisha kwenda, kisiwa ki tupu, na wenyewe wanataka kodi ya pango.

Deshima ilikuwa na umbo la upepeo uliokunjuliwa, na eneo lake halikufika hekta mbili. Daraja moja fupi liliiunganisha na mji, na kwenye lango palikuwa na ubao wa makatazo: wanawake wasiingie isipokuwa makahaba, wala ombaomba. Waholanzi kumi au kumi na watano hivi walikaa humo mwaka mzima, pamoja na watumwa wao kutoka visiwa vya Indonesia ambao vitabu vingi huwasahau. Merikebu zilitoka Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, kwa pepo za kusi, zikafika mwezi wa Julai au Agosti, na kurudi kabla ya mwisho wa mwaka. Mwenye kujua misimu ya bahari ya Hindi hahitaji kuelezwa. Chombo kilipotia nanga, silaha na baruti zilitolewa, vitabu vya dini vikatiwa katika pipa na kupigwa misumari hata siku ya kuondoka. Hapakuruhusiwa sala ya hadharani, wala mkuu wa kituo kukaa zaidi ya mwaka mmoja kwa mfululizo.

Kila mwaka mkuu huyo alisafiri hadi Edo, ndiyo Tokyo, kumsujudia Shogun na kutoa zawadi. Tangu 1790 safari hiyo ikawa kila mwaka wa nne. Kaempfer aliyekwenda 1691 na 1692 ameeleza jinsi walivyoamriwa kucheza ngoma, kuimba, kuvaa na kuvua majoho, na kujifanya walevi, ili Shogun na wake zake watazame kutoka nyuma ya pazia. Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyokuwa na majeshi na ngome katika Asia, ilivumilia yote hayo. Sababu imo katika madaftari yake. Waholanzi walileta nyuzi za hariri, sukari, nguo, ngozi za kulungu, miti ya kutia rangi, viungo, dawa na pembe za ndovu; wakachukua fedha, na kwa fedha hiyo walinunua nguo na viungo katika masoko mengine ya Asia. Serikali ilipokataza fedha kutoka mwaka wa 1668, wakachukua dhahabu, kisha shaba, iliyouzwa India na hata Amsterdam. Vyombo vya kauri vya Arita vilipata soko wakati Uchina ilipokuwa katika vita; agizo moja la mwaka wa 1659 lilipita vyombo 50,000.

Wajapani walifanya hesabu pia. Mwanachuoni Arai Hakuseki, mshauri wa Shogun, alikadiria dhahabu na fedha zilizotoka nchini, akashtuka. Kwa sheria ya 1715 Waholanzi waliachiwa merikebu mbili kwa mwaka, na Wachina majahazi thelathini. Baadaye hariri na sukari zikazidi kuzalishwa Japani kwenyewe, na tangu 1790 merikebu ya Kiholanzi ikawa moja tu. Biashara ilikonda. Kilichonenepa ni habari na vitabu.

Hapa ndipo wakalimani wanapoingia. Walikuwa watumishi wa serikali ya Nagasaki, wenye vyeo vilivyopangwa kuanzia wanafunzi hadi wakalimani wakuu, na idadi yao ilipita mia. Ajabu ya kwanza ni kwamba katika miaka mingi ya mwanzo hawakusema Kiholanzi. Walisema Kireno, kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa lugha ya biashara tangu zamani, na Waholanzi wakalazimika kuongea kwa lugha ya adui zao waliofukuzwa. Waholanzi hawakutakiwa kujifunza Kijapani. Hivyo kila neno lililovuka daraja lilipita katika kinywa cha mkalimani, naye alijua thamani ya nafasi yake.

Merikebu ilipofika, mkuu wa kituo alipaswa kutoa habari za ulimwengu. Wakalimani walimsikiliza, wakaandika kwa Kijapani, na hati ikapelekwa Edo kwa matarishi wa mbio. Waholanzi walijifunza upesi kwamba habari ni bidhaa. Mwaka wa 1673 merikebu ya Kiingereza, Return, ilikuja kuomba biashara irudishwe. Ikaulizwa: je, ni kweli kwamba mfalme wenu ameoa binti wa mfalme wa Wareno? Ilikuwa kweli, Charles wa Pili alioa mwaka wa 1662, na Waholanzi walikuwa wamehakikisha kwamba Edo yajua. Merikebu ikarudi na mali yake. Kwa upande mwingine, Waholanzi waliposhindwa na Wafaransa nyumbani kwao, wakakosa merikebu, walikodi za Kimarekani kati ya 1797 na 1809, wakazipandisha bendera ya Kiholanzi. Mabaharia wake walisema Kiingereza, na wakalimani wa Nagasaki hawakuwa viziwi. Lakini kila upande ulikuwa na faida katika kunyamaza, nao wakanyamaza.

Mwaka wa 1720 Shogun Yoshimune aliachia vitabu vya kigeni visivyohusu Ukristo viingie, na mwaka wa 1740 akawaamuru wanachuoni wawili wajifunze Kiholanzi. Tunda kubwa lilionekana baada ya miaka thelathini. Mwaka wa 1771 matabibu Sugita Genpaku, Maeno Ryōtaku na wenzao walikwenda Kozukappara, mahali pa kuulia wahalifu huko Edo, kutazama maiti ya mwanamke aliyehukumiwa ikipasuliwa. Mpasuaji alikuwa mzee wa miaka tisini hivi, wa tabaka lililodharauliwa, asiyejua kusoma. Sugita na Maeno walikuwa kila mmoja amechukua nakala ya kitabu kimoja, tafsiri ya Kiholanzi ya kazi ya Mjerumani Johann Adam Kulmus yenye picha za viungo. Wakalinganisha picha na mwili: vikalingana. Vitabu vya Kichina walivyovisoma tangu ujana havikulingana. Njiani wakirudi, waliona haya kwamba wamekuwa wakiwatibu watu bila kujua yaliyomo mwilini, wakaazimu kukifasiri kitabu. Na kesho yake wakaanza.

Maeno alikuwa amejifunza maneno machache huko Nagasaki. Sugita hakujua hata herufi. Hawakuwa na kamusi yenye kufaa, na Edo haikuwa na mkalimani. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, Sugita asimulia kwamba siku nzima ndefu ya masika ilipotea kwa sentensi moja isemayo kuwa nyusi ni nywele zilizoota juu ya macho. Neno moja juu ya pua liliwashinda, hata wakakuta mahali pengine kwamba hutumiwa kwa taka zinazokusanyika ua ukifagiwa. Ndipo Sugita akatambua kwamba maana yake ni kitu kilichotuna. Furaha yake, asema, haikuwa na mfano. Baada ya miaka mitatu, mwaka wa 1774, kitabu kilipigwa chapa kwa jina Kaitai Shinsho. Jina la Maeno halikuwekwa. Mwenyewe hakupenda litajwe.

Jambo lenye faida kubwa kwa wanafunzi wa lugha ni njia walizoeleza kuwa walizifuata, nazo ni tatu. Ikiwa kitu kina jina katika lugha yao, walilitumia: mfupa ukabaki mfupa, hone. Ikiwa hakina jina lakini maana yake yaeleweka, waliunda neno kutokana na maana: gegedu wakaliita nankotsu, mfupa laini, na mishipa ya fahamu wakaiita shinkei, kwa kuunganisha alama ya roho na alama ya njia. Ikiwa yote mawili yameshindikana, walichukua sauti ya Kiholanzi kama ilivyo: tezi, klier, ikawa kiriiru. Mwenye kushughulika na istilahi za Kiswahili atazitambua njia hizo mara moja, kwani mfupa ulikuwapo tangu zamani, mishipa ya fahamu ilitungwa kwa kutazama maana, na hospitali ikaingia kwa sauti yake. Katika zile za Kijapani, shinkei na nankotsu hutumika mpaka leo. Kiriiru halikudumu, mfasiri mwingine, Udagawa Genshin, akaliondoa kwa kubuni alama mpya kabisa ya maandishi. Shizuki Tadao, mwenye neno sakoku, ndiye pia aliyeunda jūryoku, jina la nguvu ya mvutano wa dunia, alipokuwa akifasiri vitabu vya elimu ya nyota.

Wakati huo huo bahari ilikuwa inabadilika. Kampuni ya Kiholanzi ilivunjika mwaka wa 1799. Mwaka wa 1808 manowari ya Kiingereza, Phaeton, iliingia Nagasaki kwa hila chini ya bendera ya Kiholanzi, ikawakamata Waholanzi wawili waliokwenda kuilaki, ikadai chakula na maji, na kuondoka. Liwali wa mji, Matsudaira Yasuhide, akajiua kwa aibu. Baada ya hapo wakalimani waliamriwa wajifunze Kiingereza na Kirusi. Mkuu wa Deshima, Hendrik Doeff, alikaa tangu 1803 hata 1817 kwa kukosa wa kumpokea, na kwa muda fulani bendera yake ilipepea hapo wakati Uholanzi yenyewe haikuwa nchi tena. Alitumia miaka hiyo kutunga kamusi pamoja na wakalimani, kazi waliyoimaliza wenyewe mwaka wa 1833. Si kila mtu aliyefurahia elimu hiyo. Tabibu Philipp Franz von Siebold, aliyefundisha wanafunzi wengi Nagasaki, alipoonekana ana ramani za Japani mwaka wa 1828, alifukuzwa. Mnajimu wa serikali aliyempa, Takahashi Kageyasu, alikufa gerezani.

Waholanzi walionya mara mbili: kwa barua ya mfalme wao mwaka wa 1844, na kwa habari za mwaka wa 1852 zilizosema kwamba merikebu za Marekani zitakuja. Zilikuja Julai 1853, nne, chini ya Matthew Perry. Mkalimani Hori Tatsunosuke aliikaribia merikebu ya jemadari kwa mashua, akapaza sauti kwa Kiingereza kwamba ajua kusema Kiholanzi. Na mazungumzo yote yakaendeshwa kwa Kiholanzi. Mkataba wa Machi 1854 ulipotiwa sahihi, maneno ya Kiingereza yalisema balozi mdogo aweza kuwekwa ikiwa serikali mojawapo yaona haja. Ya Kijapani yalisema ikiwa serikali zote mbili zaona haja. Townsend Harris alipofika Shimoda mwaka wa 1856 kushika kazi hiyo, wenyeji walistaajabu ametoka wapi. Yamkini kwa kukumbuka mkasa huo, mkataba wa biashara wa 1858 uliandikwa kwa lugha tatu na ukaweka wazi kwamba nakala ya Kiholanzi, lugha isiyo ya taifa lolote kati ya mawili yaliyopatana, ndiyo itakayohesabiwa kuwa asili.

Wakati huo, Osaka, katika shule ya tabibu Ogata Kōan, nakala moja ya kamusi ya Doeff iliwekwa katika chumba chake maalumu, na wanafunzi walingoja zamu usiku kucha kuitazama. Mmoja wao alikuwa Fukuzawa Yukichi. Mwaka wa 1859, baada ya miaka mingi ya kujifunza Kiholanzi, alikwenda kwa miguu mpaka Yokohama kuona bandari mpya. Hakuweza kusoma vibao vya maduka wala maandishi ya chupa. Wafanyabiashara walisema Kiingereza. Alirudi Edo amevunjika moyo, na siku iliyofuata akaazimu kuanza upya. Mwaka mmoja baadaye alivuka bahari kwenda Marekani katika Kanrin Maru, merikebu ya Kijapani iliyoundwa Uholanzi.